Jinsi ya Kumtumia Kifurushi Askari wa Marekani Aliye Kazini Ng'ambo

Sanduku la kwanza nililomtumia mwanangu alipopelekwa Kuwait lilirudi mlangoni kwangu baada ya wiki saba, pembe zake zimepondeka na kashata zimekuwa vumbi, kwa sababu chini ya anwani nilikuwa nimeongeza neno moja lisilotakiwa: Kuwait. Tangu siku hiyo nimetuma masanduku mengi, ya kwangu na ya jamaa wengine waliohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki, ambao watoto wao wamevaa sare. Si wachache. Mpango wa MAVNI, ulioanza mwaka 2009, uliwaandikisha jeshini wahamiaji wenye lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Wazazi wengi wanaonijia tayari wamekwisha kununua vitu vya kutuma, ilhali anwani kamili hawana. Kwa hiyo tuanze na anwani.

Hatua ya 1: Pata anwani kutoka kwa askari mwenyewe

Askari aliye ng'ambo hana anwani ya mtaa. Barua zake hupitia posta ya jeshi, ambayo kwa hesabu za USPS, yaani shirika la posta la Marekani, ni posta ya ndani ya nchi, ndiyo maana gharama yake ni ya ndani hata kama kifurushi kinavuka bahari mbili. Mstari wa kwanza huandikwa jina lake kamili. Wa pili, namba ya kikosi au ya sanduku lake kama alivyopewa. Wa tatu, herufi APO kwa askari wa nchi kavu na wa anga, au FPO kwa walio melini na kwenye vituo vya majini, kisha herufi mbili za eneo na msimbo wa posta. AE ni Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, na misimbo yake huanza na 09. AP ni Pasifiki, ikiwemo Korea na Japani, na huanza na 96. AA ni nchi za Amerika nje ya Marekani yenyewe, na huanza na 340.

Usiandike jina la nchi, la mji wala la kambi. Ukiliandika, kifurushi kinaweza kuingizwa katika mkondo wa posta ya kigeni, na huko ndiko langu lilikopotelea. Kampuni binafsi za usafirishaji kwa kawaida hazifikishi mizigo kwenye anwani za APO, hivyo njia ni posta. Ndugu walioko Nairobi au Tanga wakitaka kuchangia, mimi huwaomba wampe msafiri anayekuja Marekani vitu vikavu, nami navipakia hapa pamoja na vingine.

Hatua ya 2: Chagua sanduku kwa kuangalia uzito

Posta hutoa bure masanduku ya bei moja, na lile kubwa lenye alama ya APO/FPO hutozwa nafuu kidogo kuliko sanduku la kawaida la ukubwa huohuo. Lina upana wa sentimita 30 hivi kila upande na kimo cha sentimita 14, na bei yake haibadiliki hata ukilijaza hadi kikomo cha pauni 70, yaani karibu kilo 32. Humo weka vitu vizito: korosho, karanga, sukari guru, majani ya chai, sabuni. Vitu vyepesi vinavyochukua nafasi, kama soksi na mto mdogo wa kulalia, vitie katika sanduku lako mwenyewe linalolipiwa kwa uzito. Watu wengi hufanya kinyume chake, wakalipa bei ya sanduku kubwa kusafirisha hewa. Ukiomba USPS kupitia tovuti au simu, watakuletea nyumbani, bila malipo, furushi la vifaa vya familia za wanajeshi lenye masanduku, selotepu, lebo na fomu za forodha.

Hatua ya 3: Chagua vitu kwa kufikiria joto, sheria na wenzake

Joto kwanza. Mwezi Julai 2016, huko Mitribah, Kuwait, kipimajoto kilifika nyuzi 53.9, na sanduku linaweza kukaa ndani ya kontena chini ya jua hilo. Kati ya Mei na Septemba mimi situmi chokoleti, peremende laini, wala mafuta ya kujipaka yanayoyeyuka. Visheti vilivyokauka vizuri hustahimili safari. Kashata za karanga pia, ila za nazi huchacha upesi. Biskuti za nyumbani huzipanga ndani ya makopo marefu ya krispi, nazo hufika nzima. Chai masala na tangawizi kavu ya unga ndivyo anavyovisifu mwanangu kuliko vyote, kwa kuwa maji ya moto hayakosekani kambini na harufu ya chai ya nyumbani huwaleta wenzake mlangoni. Kwa hiyo pakia vya kugawa, kwa maana askari hali peke yake wenzake wakiwa wanamtazama.

Sheria zinafuata, na hapa sina mzaha. Kamandi inayosimamia eneo la Mashariki ya Kati ina Amri ya Jumla Namba 1, inayokataza pombe na picha za ngono, na kanuni za posta kwa nchi kadhaa za huko zinakataza pia nyama ya nguruwe. Msahafu au Biblia ya mtu mwenyewe inaruhusiwa. Vitabu na vijitabu vingi vya dini isiyo Uislamu, visivyo vya matumizi ya mtu mmoja, haviruhusiwi. Baadhi ya vituo hukataza nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa au kutiwa koponi. Kila msimbo wa posta ya jeshi una masharti yake yaliyopewa herufi, na karani wa posta anaweza kukusomea yanayohusu msimbo wako. Mwombe afanye hivyo kabla hujafunga sanduku. Manukato yenye alkoholi, rangi ya kucha, makopo ya kupuliza na betri za lithiamu zisizofungwa ndani ya kifaa, pamoja na pawa benki, viache nyumbani.

Wanawake walioko jeshini husahauliwa sana katika miongozo hii. Binti wa rafiki yangu, akiwa kituoni, alipata kila kitu dukani isipokuwa mafuta na vifaa vya nywele za Kiafrika. Siagi ya shea kwenye kopo la plastiki lililofungwa kwa selotepu, mafuta mepesi, kitana cha meno mapana, skafu ya kulalia na pedi za aina anayoizoea vilimfaa kuliko biskuti zote tulizowahi kumtumia. Muulize mwenyewe, kwa jina la bidhaa. Tende usizitume Kuwait, zimejaa huko.

Hatua ya 4: Pakia

Sabuni na chakula visikae pamoja bila kutenganishwa, la sivyo visheti vitakuwa na ladha ya sabuni. Kila kimoja kitie katika mfuko wake wa plastiki wenye zipu, na cha majimaji, kama achari, kitie katika mifuko miwili, kisha kisimamishe katikati. Chupa za kioo zisitumike kabisa. Nafasi zinazobaki zijaze kwa soksi au pakiti ndogo za bisi. Funga, tikisa, ukisikia kitu kinagonga, fungua ujaze tena. Ndani, juu ya kila kitu, weka karatasi yenye anwani yake na yako, ili lebo ya nje ikibanduka kifurushi kiweze kujulikana ni cha nani. Hapohapo weka barua iliyoandikwa kwa mkono. Usiandike humo wala mtandaoni tarehe za safari za kikosi au mahali kinapokwenda.

Hatua ya 5: Jaza fomu ya forodha

Ingawa ni posta ya ndani, bidhaa zinazopelekwa huko zinahitaji fomu ya forodha. Andika kila kitu kwa jina, idadi na thamani: "soksi, jozi 6", "majani ya chai, pakiti 4". Maneno kama "chakula" au "vitu vya nyumbani" hayatoshi na huchelewesha mzigo. Weka alama kwenye "zawadi". Ukijaza fomu kwenye tovuti ya USPS nyumbani, utapunguza muda wa kusimama dirishani, na utapata namba ya ufuatiliaji. Namba hiyo inaweza kunyamaza kwa siku nyingi baada ya mzigo kukabidhiwa kwa jeshi, na kwa walio melini hunyamaza zaidi, kwani lazima meli ipokee shehena kwanza.

Hatua ya 6: Pangilia muda

Masanduku yangu huchukua kati ya siku 10 na wiki tatu. Kwa Krismasi nayatuma mapema Novemba, ingawa posta hutangaza kila mwaka tarehe zake za mwisho. Kwa Idd nahesabu wiki tano nyuma. Ninapendelea sanduku dogo kila mwezi kuliko kubwa moja, kwa sababu askari ana nafasi finyu ya kuhifadhi vitu.

Ukitaka kumtumia askari usiyemjua, usibuni anwani. Barua za "kwa askari yeyote" zilisitishwa mwaka 2001 kwa ajili ya usalama. Pitia mashirika kama Operation Gratitude au Soldiers' Angels, yote yaliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo yana njia zake za kuwafikia askari.

Mwisho wa zamu ukikaribia, acha kutuma siku 45 kabla ya tarehe ya kurudi. Sanduku likimkuta ameondoka huanza safari ya kumfuata, nawe utakaa miezi ukilisubiri mlangoni. Wiki hizo za mwisho mimi hutuma barua tu, na visheti vyake navianza kuvikaanga siku anayopanda ndege ya kurudi.