Futa "suluhisho bunifu" kwenye tangazo lako, hatua kwa hatua

Habari zenu wajasiriamali wa Tanga. Mi naandikia watu matangazo ya Insta na stetasi za WhatsApp hapa mjini, na kinachoniuma ni kuona mtu ana mali nzuri kabisa halafu tangazo ndo linaificha. Maneno yenyewe mnayajua: suluhisho bunifu, viwango vya kimataifa, namba moja nchini, huduma bora na za uhakika, kwa mahitaji yako yote ya sijui nini. Hivi ndo navyoyatoa.

Hatua ya 1. Kopi tangazo lako, toa jina la biashara yako weka la jirani. Likisomeka sawa tu, ujue halijasema chochote kuhusu wewe. Chukua mfano wa fundi samani wa Makorora: "Tunakuletea suluhisho bunifu la samani zenye ubora wa hali ya juu kwa bei rafiki." Toa samani weka simu, linakubali. Weka mapazia, linakubali.

Hatua ya 2, hapa kaa muda. Kila sifa iulize, mteja ataihakikisha vipi? Ubora wa hali ya juu, sawa, mbao gani, mninga, mkongo au paini? Imekauka? Maana mbao mbichi ikishakuwa kitanda inapinda na kupasuka, na mteja anayelijua hilo ndo anataka kulisikia kabla hajatoa hela yake. Chaga ngapi? Bei rafiki ni shilingi ngapi, iandike, hii habari ya "bei njoo inboksi" inakimbiza watu jamani. Na ukiandika "haraka", ni siku ngapi? Sifa ambayo huna jibu lake ifute bila huruma. Tangazo linakuwa hivi:

"Kitanda cha mbao ya mninga iliyokauka, 5 kwa 6, chaga 12, laki saba. Unatanguliza nusu, siku 10 unachukua. Ngamiani, Chuda na Makorora tunakuletea bure."

Hamna neno kubwa hata moja, na mtu anaweza kuamua palepale.

Hatua ya 3. "Orijino" na "imethibitishwa". Imethibitishwa na nani? Kama ni TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, basi alama ionekane kwenye picha, kama huna usiandike kabisa, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja.

Hatua ya 4 ni ya sisi tunaoandikia wengine. Usimpelekee mama anayeuza mafuta ya nazi Pangani ripoti ya "engejimenti imepanda, brandi inaonekana". Mwambie richi ni watu wangapi wameiona posti, na impresheni ni mara ngapi imeonyeshwa, mtu mmoja akiiona mara tatu zinahesabiwa tatu, kwa hiyo usimchanganyie ili namba inenepe. Halafu waliopiga simu wangapi, walionunua wangapi. Hela ya tangazo ametoa kwenye mtaji wake, ana haki ya kuelewa imefanya nini.

Hatua ya 5. Soma kwa sauti kama unaongea na mteja kasimama mbele yako, neno ambalo usingemwambia usoni litoe. Kisha posti. Watu wawili watatu wakiuliza swali lilelile kwenye komenti, jibu lake liingize kwenye tangazo siku hiyohiyo.