Ngazi si cheo: kumsogeza mtoto mbele katika makadeti wa anga wa Kanada

Mwanangu alipojiunga na makadeti wa anga, mpango wa vijana unaowafunza urukaji na uongozi, hapa Edmonton akiwa na miaka 12, nilidhani kazi yangu ni kumpeleka kwa gari na kumsubiri nje, hita imewashwa, barafu imeganda kwenye vioo. Ilinichukua miaka kuelewa mambo yanavyokwenda. Kina mama mnaonikamata baada ya swala ya Ijumaa kuniuliza mtoto anapandaje huko, haya, someni. Na la kwanza mnaloliogopa: kadeti si mwanajeshi, wala halazimiki kwenda jeshini baadaye.

Tenganisheni ngazi na cheo. Ngazi ni darasa. Ziko 5, na kila moja huchukua mwaka wa mafunzo, Septemba mpaka Juni. Cheo ni ile alama ya kwenye sare. Akishashiriki ngazi ya kwanza kwa miezi 5 hupata nembo ya propela, akiimaliza anaweza kuwa koplo. Lakini usajenti si wa kungojea. Awe amemaliza ngazi ya 3, awe amekaa miezi 6 katika cheo kilichotangulia, na wakubwa wake waridhike na anavyoongoza wenzake. Kwa hiyo mtoto wa mwenzio akivishwa cheo kabla ya wako, usipige simu kwa hasira. Uliza kwanza wako amebakisha nini.

Mwaka wa pili nilimkwamisha mwenyewe. Arusi Calgary, hitima, mgeni kutoka Mombasa, kila mara jioni ileile kikosi chake kinapokutana. Mwezi wa tano afisa akanionyesha karatasi ya mahudhurio, mapengo kama meno ya kibogoyo. Ikabidi mtoto afidie vipindi Jumamosi tatu mfululizo. Tangu hapo ratiba naibandika kwenye friji Septemba, na akiwa hawezi kwenda anapiga simu mwenyewe mapema. Mwenyewe, si mama yake.

Sare hutolewa bure, ila kuitunza ni juu yenu. Viatu: funga kitambaa cha pamba kwenye kidole, chovya kiwi kidogo, tone moja la maji, zungusha viduara vidogo vidogo kwenye ncha ya kiatu. Rangi itafifia kwanza kama umeharibu. Endelea. Baada ya tabaka la nne au la tano utaona taa ya jikoni inang'aa mle ndani. Kofia huinamia kulia, ukingo wa mbele sentimita 2.5 juu ya nyusi. Na pasi apige yeye. Mimi nilimpigia mwaka mzima, siku ya kambi akarudi na shati kama limetafunwa na mbuzi.

Ngazi mbili za mwanzo ni gwaride, kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo, kulala porini, misingi ya urukaji. Zinapita. Pagumu ni ya 3 na ya 4, maana huko mtoto anafundishwa kufundisha, na anapimwa mbele ya wadogo zake. Wangu alikuwa anameza maneno. Nikamwambia amfundishe nyanyake kwa simu ya video: robo saa, somo moja, bawa linavyoinua ndege. Akachora kwenye karatasi, akaishika mbele ya kamera kichwa chini. Nyanyake akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na injini ikizima?" Kijana akakwama. Akaenda kusoma, akarudi kesho yake na habari za glaida, ndege isiyo na injini kabisa. Nyanyake akasema, "Basi hiyo ni jahazi."

Hiyo glaida ndiyo wengi wanaiwinda. Akiwa na miaka 16 anaweza kugombea ufadhili wa mafunzo yake wakati wa kiangazi, na akiwa na 17 ule wa ndege ya injini. Kuna mtihani, usaili na vipimo vya afya, na nafasi hazitoshi wote. Maandalizi huanza majira ya baridi kwa masomo ya hali ya hewa, sheria za anga na kusoma ramani. Kwenye usaili watamuuliza amejitolea wapi na lini, kwa hiyo tangu ngazi ya 2 awe na daftari: tarehe, mahali, idadi ya saa. Letu lina doa la chai ukurasa wa kwanza, na hakuna aliyetuuliza.