Avoka (wakili) aliharibu wosia, hakuwa avoka wako: utamshtaki vipi?

Mjomba alinilea Katuba, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo (DRC), tangu nikiwa na miaka sita. Alipostaafu Gécamines, kampuni ya migodi, aliishi kwa kodi za nyumba zake, na chumba kimoja cha duka kule Kamalondo alisema ni changu. Akaenda kwa avoka, akalipa, avoka akapiga wosia kwenye kompyuta, mjomba akatia saini. Basi. Baada ya matanga watoto wake wakaupinga tribinali (mahakamani), ukaanguka. Sheria ya familia ya 1987 inataka wosia wa mtu binafsi uandikwe wote kwa mkono wake, na tarehe na saini; ukipigwa kwa mashine, aandike kwa mkono wake chini ya kila ukurasa kwamba huo ni wosia wake. La sivyo, upite kwa notere (ofisa wa kuthibitisha hati) au ofisa wa etasivili (anayesajili vizazi, ndoa na vifo). Wetu ulikuwa na saini tu ya mkono.

Ndugu wakaniuliza: avoka alikuwa wa mjomba, wewe utamshtaki kama nani? Kweli, mkataba wao haukunihusu, kwa hiyo usipite mlango huo. Pita kwenye kifungu cha 258 na cha 259 vya Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia, ile ya 1888: anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake, hata kwa uzembe tu, amlipe. Hapo hakuna anayeuliza kama ulikuwa mteja.

Utaonyesha kosa, hasara, na kwamba hasara ilitoka kwenye kosa hilo. Kosa la avoka lilijionyesha lenyewe kwenye karatasi. Kilichonitoa jasho ni hicho cha mwisho. Avoka atajitetea: hata ningeuandika vizuri, usingepata kitu, maana robo tatu ya urithi ni ya watoto na wosia hauwezi kuwanyang'anya. Kwa hiyo nilihesabu mali yote ya mjomba, lupango (kiwanja) kwa lupango, mpaka nikaona kwamba duka linaingia kwenye robo inayobaki. Kama lako linazidi robo, punguza dai mwenyewe mapema.

Tafuta risiti ya malipo, kopi ya wosia, na kopi ya hukumu iliyouangusha. Mimi nilikuwa pia na sauti ya mjomba kwenye WhatsApp: "Maitre amemaliza, duka ni lako." Hamisha sauti kama hiyo kwenye simu ya pili leo hii. Dai linakufa baada ya miaka 30, lakini simu haingoji.

Kwa batonie, mkuu wa chama cha mawakili, unaweza kulalamika, naye anaweza kumfikisha avoka mbele ya baraza la nidhamu, ila usitegemee makuta (pesa) kutoka huko. Fidia inadaiwa tribinali kubwa. Tafuta avoka asiye rafiki wa yule wa kwanza. Huku kwetu kazi hiyo peke yake ilinila wiki tatu.

Avoka huyo mpya alinisimulia habari ya Uingereza: wakili alichelewa kuandika wosia, mzee akafa, na mwaka 1995 binti zake wawili wakashinda, kila mmoja pauni 9,000. Si sheria yetu, lakini siku hiyo nilirudi Katuba nikitembea wima.

Usimshtaki avoka kwa sababu tu marehemu alibadili mawazo. Hilo ni lake na kaburi lake. Na kwenye dai, mbali na thamani ya chumba, ongeza kodi ya kila mwezi tangu kilipochukuliwa; mimi nilisahau, tukalazimika kuandika upya.