Ninavyosaka blogu za watu binafsi

Ukiandika "korosho" peke yake kwenye Google, utaletewa bei za mnada na matangazo ya viuatilifu. Mimi namtaka mtu aliyekaa chini ya mkorosho wake, akaandika kilichomkera.

Kwa hiyo usiku, bando likiwa rahisi hapa Mikindani, naandika hivi: site:blogspot.com korosho. Hapo Google inatafuta ndani ya blogu za Blogspot tu. Usiache nafasi baada ya nukta pacha, itavurugika. Kisha narudia kwa wordpress.com. Weka maneno ya msimulizi: "bibi yangu", "nilipofika Lindi". Mimi ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, ndiyo iliyonitoa. Nilimkuta mtu akieleza bibi yake alivyoichimba porini, na picha moja imepinda, kidole kimeziba kona. Nikasoma hadi saa nane.

Ukishampata mmoja, shuka pembeni au chini kabisa kwenye orodha ya blogu za marafiki zake. Hapo ndipo penye utajiri: mshairi, fundi redio, mwalimu anayelalamikia chaki. Viungo vingi vimekufa, usivunjike moyo. Blogu iliyonyamaza tangu 2012 mara nyingi bado ina kumbukumbu zake, anza na chapisho la kwanza.

Wale walio hai nawaweka kwenye programu ya kusomea milisho, yaani inayoniletea machapisho mapya yenyewe. Kwa Blogspot, ongeza /feeds/posts/default mwishoni mwa anwani. Kwa WordPress, /feed inatosha. Zikigoma, hifadhi anwani tu kwenye daftari. Langu lina madoa ya mchuzi wa pweza, lakini linasomeka.