Shamba la mtu, njia yako: kutoka Goring hadi Pangbourne kwa miguu

Watu wetu wengi hapa Reading, Slough na London wanaiona Uingereza kupitia dirisha la treni. Vilima vinapita, msitu unapita, mto unapita, mtu anarudi kwenye simu yake. Ukimuuliza kwa nini hashuki siku moja atembee, atakujibu: "Nishuke niende wapi? Lile si shamba la mtu?"

Ni shamba la mtu, kweli. Lakini ndani yake mara nyingi imepita njia ya umma, na mwenye shamba hana ruhusa ya kukuzuia. Mgeni akiniomba nimtoe matembezi huanza na hilo, kabla hata ya viatu, maana kinachowabakiza ndani ni hofu, wala si miguu.

Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri za England na Wales zichore ramani za njia zote za umma. Ndiyo maana utaona vibao vidogo kwenye nguzo na mageti. Mshale wa njano ni njia ya waenda kwa miguu. Mshale wa buluu ni ya waenda kwa miguu, farasi na baiskeli, kwa hiyo huko sikiliza nyuma yako. Ukishauona mshale, huna haja ya kupiga hodi wala kutafuta mtu wa kumwomba. Hata njia ikikatisha katikati ya ngano, pita. Mkulima ndiye anayetakiwa kuirudisha baada ya kulima. Wajibu wako ni kubaki njiani na kuacha geti kama ulivyolikuta. Lililo wazi liache wazi, maana ukilifunga kwa wema huenda ng'ombe wa watu wakakosa maji.

Sasa njia yenyewe. Kwa anayeanza huwa nachagua Goring hadi Pangbourne, maili nne hivi, yaani kilomita sita na kitu, kwa sababu ndani ya saa mbili au mbili na nusu unapata mto, msitu na vilima, na kila upande kuna stesheni. Kutoka Reading treni inafika Goring & Streatley kwa kama robo saa. Nunua tiketi ya kwenda na kurudi Goring, isiwe ile iliyofungwa kwenye treni moja tu. Pangbourne iko kwenye reli hiyo hiyo, kabla ya Goring, kwa hiyo tiketi hiyo itakurudisha. Mkiwa watu wazima watatu hadi tisa, ulizeni punguzo la kikundi linaloitwa GroupSave. Ni theluthi nzima nje ya saa za msongamano.

Ukitoka stesheni ya Goring, vuka reli, teremka na barabara ya kijiji mpaka daraja la mto Thames. Usilivuke. Kabla yake, kushoto, kuna njia ya kushukia ukingoni, na kibao chake kina picha ya tunda la mwaloni, lile lenye kikofia. Alama hiyo ndiyo ya njia kuu za kitaifa, na Thames Path ni mojawapo. Kuanzia hapo mto uko mkono wako wa kulia. (Mtu wa rika langu hapa lazima akumbushe kwamba mwimbaji George Michael alikuwa na nyumba Goring na ndiko alikofia, Krismasi ya 2016. Nyumba siwaonyeshi. Watu wanaishi.)

Simama kidogo penye malango ya maji karibu na daraja. Mashua inaingia, lango linafungwa nyuma yake, maji yanapandishwa au kushushwa, kisha lango la mbele linafunguka. Watoto hawachoki kuangalia, ila washike mikono. Mto huu ni baridi hata Julai, kina chake hakionekani, na mkondo una nguvu kuliko unavyoonekana juu.

Baada ya hapo ni majani na mto, bonde limebanwa kati ya vilima vya Chiltern upande wako na vya Berkshire ng'ambo. Utapita chini ya daraja la reli la matofali la Gatehampton, kazi ya mhandisi Brunel ya mwishoni mwa miaka ya 1830. Uliyepita juu yake kila siku ukienda kazini, leo liangalie kutoka chini.

Huenda ukakuta ng'ombe. Wa huku hawana mchungaji wa kumwita akusaidie, kwa hiyo zunguka mbali, usipite kati ya ng'ombe na ndama wake, na usikimbie. Ukiwa na mbwa na ng'ombe wakaja, mwachilie mbwa akimbie; atajiokoa mwenyewe, na wao wanamfuata yeye.

Kisha njia inaacha mto na kupanda msituni, Hartslock. Hapa ndipo watu wangu huanza kunung'unika, lakini si mlima: ni kupanda, kushuka ghafla, kupanda tena, basi. Udongo ni wa chaki. Maji yanazama upesi, lakini siku ya mvua huteleza vibaya, hasa pale penye mteremko. Mwenye magoti ya shida aje na fimbo bila aibu. Mwisho wa Aprili hadi Mei misitu ya vilima hivi hutandikwa maua ya buluu chini ya miti. Oktoba na Novemba majani hugeuka rangi ya shaba. Mimi napenda zaidi Oktoba kwa sababu miti ikianza kupukutika unauona mto kule chini kupitia matawi.

Inua macho juu ukisikia mluzi mwembamba wa kushuka na kupanda. Ni mwewe, mkubwa, mwekundu, mkia wa panda. Aliuawa mpaka akaisha England nzima, na kati ya 1989 na 1994 wakaleta wengine kutoka Hispania wakawaachia huku Chiltern. Sasa wamejaa. Sisi tuliokua tukifukuza mwewe wasichukue vifaranga tunacheka kusikia kuna watu walilipwa kuwarudisha.

Ukitoka msituni utaangukia kwenye njia ya shamba, kisha barabara ya magari. Geuka kulia, kaa pembeni, teremka hadi kijiji cha Whitchurch. Mwisho wake kuna daraja ambalo magari hulipa ushuru na wewe wa miguu hulipi kitu. Ng'ambo ni Pangbourne, na stesheni haiko mbali.

Mavazi. Jinzi ikilowa haikaushwi na jua la huku, iache nyumbani. Kina mama wenzangu wananiuliza kuhusu baibui: vaa, lakini ukishika pindo mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, matope yatakushinda. Mimi huvaa suruali pana ya michezo, gauni la kufika magotini, na mtandio mfupi uliobanwa pini, maana upepo wa kule juu hauna adabu. Miguu ifunikwe kwa sababu mbili: kupe wapo na wanaleta maradhi, kwa hiyo jikague ukifika nyumbani, na kando ya njia kuna yale majani yanayowasha, upupu wao, ambayo hukua hadi kiunoni wakati wa joto. Viatu viwe vyenye meno chini. Koti la mvua libebwe hata jua likiwaka.

Kigari cha mtoto hakifai njia hii. Mageti mengine ni ya kuzunguka ndani ya kizimba ili mnyama asipite, na kigari nacho hakipiti. Mtoto mdogo abebwe mgongoni kwa kanga, tunajua kufunga.

Swala huwa haina tabu. Kibla kutoka hapa ni kusini-mashariki, dira ya simu inakuonyesha, na kwenye majani pa kutandika mkeka mwepesi hapakosekani. Choo ndicho cha kufikiria mapema: tumieni cha kwenye treni kabla ya kushuka.

Chakula beba chako. Thamosi ya chai ya maziwa na tangawizi, chapati zilizokunjwa na mayai, viazi karai kama kuna aliyeamka mapema. Mahali pa kukaa ni ukingoni kabla ya kuingia msituni, si baada. Takataka zote rudini nazo.

Simu inatosha kwa njia hii, lakini atakayependa mchezo huu anunue ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, Explorer 171. Sentimita nne juu yake ni kilomita moja, na vijistari vya kijani ndivyo njia zako za umma. Ukishajua kuvisoma, hakuna atakayekupangia Jumamosi.

Saa nazo zinadanganya. Juni mwanga upo hadi saa tatu usiku kupita. Desemba jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni, kwa hiyo uwe umeshaanza kutembea saa nne asubuhi. Baada ya mvua kubwa za baridi angalia kwanza taarifa za mafuriko, maana ule uwanda wa kando ya mto huwa unajaa maji.

Na mtakutana na watu. Mjini hawakuangalii usoni, lakini njiani kila mtu anasalimia. Itikieni, hata kama mbwa wao kawatia hofu.

Kama kuna mzee katika kundi lenu, au mtu aliyetoka kulazwa karibuni, Hartslock isiwe ya kwanza. Mpelekeni Shiplake, mshuke treni hapo, mfuate Thames hadi Henley. Ni fupi kwa zaidi ya maili moja, karibu yote tambarare, na Henley ina stesheni ya kurudia kwenye tawi hilo hilo la reli kutoka Twyford.