Bajeti ya dharura za afya katika kaunti: mambo ya kukagua kabla ya mlipuko

Anza na neno moja: "haikutarajiwa". Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti za Kenya kuunda Hazina ya Dharura kwa idhini ya bunge la kaunti. Waziri wa fedha wa kaunti anaweza kutoa pesa humo akiridhika tu kwamba hitaji ni la haraka, halikutarajiwa na halikuwekwa kwenye bajeti. Sasa chukua kaunti inayopata kipindupindu karibu kila mvua zinaponyesha. Nani atamwambia Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kwamba ugonjwa huo haukutarajiwa? Mtego huohuo umo katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Kifungu cha 103 kinakubali kununua moja kwa moja kwa muuzaji mmoja wakati wa dharura, lakini dharura hiyo iwe haikuweza kuonekana mapema, wala isiwe imeletwa na uzembe wa mnunuzi mwenyewe.

Kwa hiyo gawanyeni mahitaji katika makundi mawili mapema. Magonjwa yanayorudi, kama kipindupindu, surua na malaria ya baada ya mafuriko, yawe na fungu lake ndani ya bajeti ya kawaida ya idara ya afya. Hazina ya Dharura ibaki kwa kisichojulikana, mfano wa mpox (homa ya nyani), ambayo mgonjwa wake wa kwanza nchini aligunduliwa mpakani Taita Taveta mwishoni mwa Julai 2024. Kuitegemea Hazina kwa kila kitu ni kosa hata kihesabu: kwa mwaka mmoja kikomo chake ni asilimia 2 ya mapato ya kaunti, kwa hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia, na kiasi hicho hicho kinagombaniwa na ukame, mafuriko na soko lililoungua. Tena kila kinachotolewa humo lazima kipelekwe bungeni kuidhinishwa ndani ya miezi miwili, kwa hiyo karatasi zianze kukusanywa siku ile ile pesa inapotoka.

Kalenda nayo haimsubiri mtu. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya sera ya fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Afisa anayekuja na orodha yake ya vifaa mwezi wa Mei atakuta viwango vimeshapangwa, na kilichobaki ni kumnyang'anya mwenzake. Halafu mwaka mpya wa fedha ukianza Julai 1, msidhani pesa zimefika. Mgao kutoka Hazina ya Kitaifa huchelewa, na hata ukifika, hakuna kutoa kitu kwenye mfuko wa mapato wa kaunti bila kibali cha Msimamizi wa Bajeti. Robo ya kwanza mara nyingi ni kavu, haina pesa. Mvua za vuli huanza Oktoba. Mlipuko wa kipindupindu wa 2022 ulianza mwezi huo huo, baada ya harusi moja katika Kaunti ya Kiambu, na mwaka uliofuata El Niño ikaleta mafuriko vuli nzima. Maana yake ni moja: dawa na vifaa vya vuli vinunuliwe kwa bajeti ya mwaka unaoisha, viwe ghalani kabla ya Juni 30. Anayepanga kuvinunua kwa pesa za Julai atavipokea wagonjwa wakiwa wameshajaa wodini.

Viasi je? Hapa ndipo bajeti nyingi huandikwa kwa kubahatisha, "vifaa vya dharura, jumla", na mhasibu akiona jumla isiyo na hesabu anaikata bila huruma. Pigeni hesabu kwa kila mgonjwa. Mtu mzima wa kilo 50 aliyeishiwa maji kabisa kwa kipindupindu anahitaji mililita 100 za Ringer, maji ya dripu, kwa kila kilo ndani ya saa tatu, yaani lita 5. Lita moja na nusu inaingia katika nusu saa ya kwanza, na tatu na nusu zilizobaki katika saa mbili na nusu zinazofuata. Kwa chupa za nusu lita, hizo ni chupa tatu ndani ya dakika 30, kwa mgonjwa mmoja. Ukimwekea kanula (mrija wa mshipani) nyembamba, maji hayapiti kwa kasi hiyo hata chupa zikijaa ghala. Kwa hiyo kanula nene na mipira ya dripu viorodheshwe kwa idadi yake, visifichwe ndani ya "vinginevyo". Kwa kuwa mgonjwa anaendelea kuharisha baada ya saa tatu hizo, kadirieni lita 8 kwa kila mgonjwa mahututi, pamoja na pakiti zipatazo kumi za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ya kunywa. Wagonjwa 100 wa namna hiyo ni lita 800, chupa 1,600. Mzigo huo ukiwa na maboksi yake unakaribia tani moja. Ni pikapu iliyojaa hadi juu, na mahali pa kuulaza pasipo jua wala mchwa. Gari na ghala viko kwenye bajeti ya nani?

Klorini ya unga ya asilimia 70 msiilimbikize. Mchanganyiko wa asilimia 0.5 wa kuosha sakafu na vitanda unataka gramu 7 hivi kwa lita, lakini mkebe uliofunguliwa ukaachwa kwenye joto na unyevu hupoteza nguvu, na atakayeupima kwa kijiko kilekile cha mwaka jana atakuwa anamwaga maji matupu. Nunueni mikebe midogo, mara mbili kwa mwaka.

Kinachokwamisha wiki ya kwanza, hata hivyo, mara nyingi si dawa. Ni masurufu, yaani pesa anazopewa mtumishi kabla ya safari ili azitolee hesabu akirudi. Afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa anapigiwa simu kuhusu wagonjwa watano kijijini, anataka mafuta, posho ya dereva na nauli ya sampuli. Kanuni za fedha za kaunti zinasema masurufu ya safari yafungwe kwa hesabu ndani ya siku saba za kazi baada ya kurudi, na mwenye masurufu ambayo hayajafungwa hapewi mengine. Sasa afisa huyo huyo ndiye aliyetumwa kwenye semina mwezi uliopita na risiti zake ziko mezani kwake bado. Mfumo unamkataa, na simu ya kijijini inangoja. Kila mwisho wa mwezi pitieni majina ya watu wote wa kikosi cha dharura kwenye daftari la masurufu, na awepo wa pili kwa kila kazi, asiye na deni. Mafuta nayo yawekwe kwenye kadi mapema, yasitegemee ombi jipya.

Kwa ununuzi, dawa ya mtego wa kifungu cha 103 ni kusaini mikataba ya bei kabla, ile ambayo sheria hiyohiyo inaikubali kwa muda usiozidi miaka mitatu, ikiwa na wauzaji wasiopungua saba kwa kila aina ya bidhaa. Mlipuko ukija mnaagiza tu. Lakini muuzaji anayedai malipo ya miaka miwili hatapakia lori kwa sababu ya mkataba. Kagueni pia deni lenu KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa.

Kuna pesa za wengine ambazo watu huzihesabu vibaya. Mfuko wa dharura na magonjwa sugu ulioundwa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 hulipia matibabu ya mgonjwa mmoja mmoja. Haulipi kufuatilia waliokutana naye. Pesa ambazo hospitali inakusanya na kubaki nazo chini ya sheria nyingine ya 2023, ile ya fedha za kuboresha vituo vya afya, ni za haraka zaidi, ila ziwe zimepangiwa matumizi hayo kwenye mpango wa hospitali. WHO ina mfuko unaoweza kutoa hadi dola 500,000 ndani ya saa 24, lakini hutumika kupitia shughuli za WHO. Msiuandike kama mapato ya kaunti. Na tangu Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, ni busara kuorodhesha kila karani wa takwimu na kila pikipiki ya sampuli inayolipiwa na mfadhili, na kuandika kando yake gharama ya mwezi mmoja.

Mwisho jaribuni njia yenyewe. Kipimo kinachotumiwa kimataifa ni 7-1-7: siku saba kugundua, moja kutoa taarifa, saba kukamilisha hatua za kwanza. Chagueni Ijumaa yoyote saa kumi jioni, mseme kuna mgonjwa, kisha mfuate shilingi 50,000 za mafuta na posho mpaka zimfikie dereva. Andikeni saa ya kila sahihi. Zikikwama, muulizane ni meza ya nani, na kama mwenye meza yuko safarini, nani amekabidhiwa kwa barua kusaini badala yake. Nakala ya barua hiyo ikae benki pia.