Mikate ya kuoka yenye nyama na kabeji ndani: somo lote hili hapa

Kila nikipeleka mikate hii kwenye chama, wiki nzima simu hailali. "Uliifanyaje?" "Mbona yangu imepasuka?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hivyo leo naandika yote. Soma hadi mwisho, kisha uulize.

Hii si sambusa, na haikaangwi. Ni donge la unga wenye hamira, linafungwa na nyama ya kusaga na kabeji ndani, halafu linaokwa. Alinifundisha jirani mmoja aliyetoka Kansas, Marekani, alipokuwa akiishi mtaani kwetu hapa Nakuru. Kwao huitwa bierock.

Vipimo vya mikate 12: unga mweupe wa ngano nusu kilo, hamira vijiko vidogo 2, sukari vijiko vikubwa 2, chumvi kijiko kidogo 1, siagi gramu 50, yai 1, maziwa ya uvuguvugu robo lita. Ya ndani: nyama ya kusaga gramu 400, kabeji gramu 400 (nusu ya kabeji ya wastani), vitunguu 2, chumvi, na pilipili manga usiyoionea haya.

1. Changanya vya unga, kanda dakika 10 hadi donge liwe laini na liache kushika mikono.

2. Funika, liumuke hadi liwe mara mbili.

3. Pika nyama ya ndani. Hapa tulia. Mara ya kwanza nilikuwa na oda ya mikate 24 ya mkutano wa akina mama. Nilifunika sufuria ili kabeji iive haraka, ikatoa maji, nikaona ni mchuzi mtamu, nikaijaza ikiwa bado moto. Mvuke ulilainisha unga kutoka ndani, siagi ikayeyuka, mishono ikafunguka yote. Nilipotoa trei, maji ya kabeji yalikuwa yameungua chini na kila mkate una tumbo wazi. Wale akina mama walikunywa chai na mkate wa dukani, nami nililia jikoni.

Kwa hivyo: kaanga nyama kwanza bila mafuta hadi ikauke na ianze kulia kwa mafuta yake. Tia vitunguu. Kisha kabeji iliyokatwa nyembamba kama ya kachumbari, moto mkali, USIFUNIKE. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia ikijaa maji, endelea, njia ikibaki kavu, epua. Mwaga mafuta yaliyozidi. Tandaza kwenye sinia ipoe kabisa, hadi ukiweka kiganja chini ya sinia usihisi joto.

4. Gawa donge mara 12. Sukuma kila moja kama chapati ndogo, katikati pawe pazito kuliko pembeni.

5. Weka vijiko vikubwa 3 vya nyama, kusanya kingo juu, finya. Kingo zisiguse mafuta hata tone, hazitashikana. Geuza, mshono ukae chini.

6. Acha zipumzike dakika 15, paka maziwa, oka nyuzi 190 kwa dakika 20 hadi 25.

MASWALI

Kijana wa Bondeni: Unga kiasi gani?

— Nusu kilo. Imeandikwa kwenye vipimo.

Mwenye Haraka: Nimefuata kila kitu na imepasuka. Niliruka kupoza tu kwa sababu wageni walikuwa mlangoni. Nadhani njia yako ina kasoro.

— Hukufuata kila kitu. Uliruka hatua niliyoieleza kuliko zote. Poza nyama, ujaribu tena.

Mwana Kisumu: Mama, huku unga uliumuka ukashuka ndani ya saa moja, na mkate ukanuka pombe. Nyinyi mnauacha muda gani?

— Umeuliza vizuri. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Juu hewa ni nyepesi na donge hufura upesi, kwa hivyo ungetarajia letu ndilo likimbie. Lakini joto lenu lina nguvu zaidi. Asubuhi ya baridi ya Julai mimi husubiri hata saa moja na nusu; kwenu anza kuangalia baada ya dakika 40. Punguza hamira iwe kijiko kimoja, tumia maziwa baridi. Kisha acha saa, uliza kidole: kipake unga, bonyeza donge. Shimo likirudi mara moja, bado. Likirudi polepole na kuacha alama, tayari. Donge likinywea, umechelewa, ila usilitupe; likande kidogo liumuke tena.

Mwana Kisumu: Ubarikiwe. Na Kansas waliupata wapi mkate huu?

— Waliuleta Wajerumani wa Volga. Katarina Mkuu, malkia wa Urusi, aliwaalika Wajerumani kwenda kulima Urusi mwaka 1763, wengi wakakaa kando ya mto Volga. Miaka ya 1870 walianza kuhamia Marekani, wakauhamisha na mkate wao. Hata jina bierock linafanana na pirogi, mikate ya Warusi yenye vitu ndani. Jimbo jirani la Nebraska wanauita runza na kuufanya mrefu. Kansas huwa wa mviringo.

Dada wa Njoro: Sina oveni, nina jiko la makaa.

— Unaweza, dada. Sufuria nzito, mchanga mkavu vidole viwili, ipashe moto vizuri, weka trei ndogo juu ya mchanga. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Baada ya dakika 25 chungulia mara moja tu.

Shosh wa Molo: Kabeji ya wakati wa mvua ina maji mengi sana. Mimi huinyunyizia chumvi, inakaa dakika 20, naikamua kwa kitambaa kabla ya kupika.

— Shosh, asante sana, hilo naliongeza. Jamani, mkikamua hivyo msitie chumvi tena kwenye nyama kabla ya kuonja.

Shosh wa Molo: Na kile kiini kigumu msitupe. Kimenye, kikwangue, kitie pamoja na vitunguu. Ndicho kitamu.